Kozi ya kuzamia Nungwi, maduka mawili na sikio langu la kushoto

Naandika hii kwa mtu anayetaka kwenda kusomea kuzamia na mtungi pale Zanzibar na anachoangalia ni bei tu na picha za kasa, kama nilivyofanya mimi. Kozi ni ile ile moja, Open Water ya PADI (kozi ya mwanzo ya shirika la kimataifa la kufundisha kuzamia), ila mi nimeianza mara mbili kwenye maduka mawili ya kuzamia pale Nungwi, mara ya kwanza nikaishia siku ya pili sikio limeziba na damu kwenye maski, mara ya pili nikamaliza na kadi ninayo hapa. Duka la kwanza silitaji sitaki kesi na mtu, na la pili silitaji kwa sababu Nungwi yenyewe ndo ile, maduka yamepakana, nikitaja moja tu hilo lingine mtalijua kabla hamjamaliza kusoma. Nitasema walichofanya huyu na walichofanya yule, mtajichagulia.

Mjue kwanza mi ni mtu wa Moshi, kazi yangu kupandisha wageni Mlima Kilimanjaro, mwaka wa 9 huu. Bahari nimeiona ukubwani na kuogelea nimejifunza kwenye bwawa la hoteli nikiwa na ndevu tayari. Hii kozi niliitaka kwa sababu wageni wengi wakimaliza mlima wanavuka kwenda Zanzibar, wananiuliza mambo ya daivingi najibu kwa kubahatisha, ikafika mahali nikaona aibu.

Na masikio kuziba sio kitu kigeni kwangu, ndo maana nilienda na kiburi. Ile siku ya kileleni, unashuka kutoka Uhuru mpaka Mweka Camp kwa siku moja, masikio yanaziba unameza mate paa yanazibuka unaendelea na safari. Hata aliyepanda basi la Iringa akateremka nalo mlima wa Kitonga analijua hilo. Nikasema maji yatanifanya nini.

Basi duka la kwanza. Tulikuwa wanafunzi 6 na instrakta mmoja, kijana mchangamfu kwakweli, sina chuki naye, na kwa idadi hajavunja kanuni maana inaruhusiwa hadi wanafunzi 8 kwa mwalimu mmoja kwenye maji ya wazi. Siku ya kwanza bwawani, kina hakifiki hata mita 3, sikio la kushoto likabana pale chini. Nikamwambia. Akasema kawaida hiyo, ukisikia maumivu bana pua puliza. Somo la masikio likaishia hapo, sentensi moja, na baadaye sana ndo nikaja kujua kwamba hata hiyo sentensi moja ilikuwa imekaa kinyume, maana ukisubiri mpaka usikie maumivu ushachelewa.

Siku ya pili tukaenda na boti. Mawimbi kidogo, nimeshakunywa maji ya chumvi kwenye mrija wa kupumulia kabla hata ya kuanza, kiunoni nimefungwa mkanda wa risasi (ni vipande vizito vya madini ya risasi vya kukuzamisha, wala sio za bunduki, nilipopewa mara ya kwanza na mi nilicheka) na naamini walinizidishia maana nikitoa tu hewa kwenye jaketi la kuelea naenda chini kama jiwe la kusagia. Hakuna kamba ya kushika. Instrakta katangulia na wale 5 walioshuka kama samaki, mimi ndo wa mwisho.

Mita 2 linabana. Mita 3 sio kubana tena, ni kama mtu kashika sindano ya kushonea magunia anaisukuma taratibu kutoka nje kuja ndani. Nikamwonyesha instrakta sikio, nikatikisa kiganja kama tulivyofundishwa, kwamba kuna tatizo. Akabana pua kwa vidole kunionyesha nipulize, halafu akanyooshea kidole gumba chini, shuka. Mi nikabana nikapuliza kwa nguvu zote, kama unavyopuliza moto wa kuni mbichi asubuhi ya mvua, macho yanataka kutoka. Kikalia kitu ndani kama mlango wenye bawaba kavu, kriiii, halafu nikasikia ujoto, maumivu yakapungua. Nikafurahi! Nikamwonyesha sawa, nikashuka nao mpaka chini mita 8 hivi, nikapiga magoti mchangani, nikafanya na mazoezi ya kuvua maski.

Tulivyopanda juu nikavuta maski, mwenzangu mmoja mdada akaweka mkono mdomoni. Kioo chote chekundu, damu na kamasi. Mi sikuisikia hata ikitoka. Instrakta akasema inatokea sana kwa wageni wa mara ya kwanza, akatoa mfukoni kidonge cha kukausha mafua, meza hiki kesho utakuwa fresh. Kesho yake nikamwambia sikio halisikii vizuri, akasema ratiba haisubiri, ama nishuke ama kozi imeishia hapo na hela hairudi. Nikabeba begi langu.

Sasa hapo niseme kama mtu wa kazi ya wageni. Mlimani kuna mgeni anakwambia kichwa kinauma anataka kutapika, na una wenzake 5 wako fiti wanataka kileleni. Muongozaji anayemwambia jikaze tunafika, huyo sio muongozaji, huyo anasubiri kubeba mtu kwenye machela. Sisi pole pole tunaiimba mpaka wageni wanaandika kwenye fulana, kwahiyo kilichoniuma mi ni kwamba nililipa hela yangu nikatendewa kile ambacho wenzetu mlimani wakikifanya tunawasema.

Wiki 3 nimekaa na sikio limeziba. Aliyewahi kupata anajua, unaongea sauti yako mwenyewe inarudi kama umeingiza kichwa kwenye pipa, ukitafuna ugali unasikia unavyotafuna wewe peke yako dunia nzima, simu unahamishia kulia kila mara. Na ushauri sasa! Shangazi yangu mafuta ya nazi ya moto. Jirani kitunguu swaumu. Wapagazi wangu wakaniambia niruke kwa mguu mmoja nimeinamisha kichwa maji yatatoka, na nimeruka jamani, mtu mzima, nyuma ya nyumba.

Daktari wa masikio pale Moshi alicheka nilipomwambia naruka ruka. Akasema hayo maji unayotaka kuyatoa hayajaingia kutoka baharini. Akanieleza vizuri: nyuma ya ngoma ya sikio kuna kachumba kana hewa, na kana kabomba kembamba kanakuja kutokea nyuma ya pua kooni, muda mwingi kamefunga, kanafunguka ukimeza au ukipiga miayo. Ukishuka majini presha ya nje inazidi, ngoma inasukumwa ndani, na usipoingiza hewa kupitia kale kabomba basi mwili unajaza ile nafasi wenyewe kwa majimaji na damu kutoka kwenye ngozi ya ndani. Ule ujoto niliosikia na maumivu kupungua ndo ilikuwa hiyo, haikuwa sikio kufunguka, lilikuwa linajaa. Kwahiyo mafuta ya shangazi yangekaa upande wa huku na majimaji yako upande wa kule, hayakutani, na bahati yangu sikuyaweka, maana ngoma ingekuwa na tundu ningejipikia sikio.

Alichungulia na kitaa chake, akasema ngoma nyekundu haijatoboka. Akaniuliza kama nina kizunguzungu, kama kuna mlio usioisha. Halafu akachukua kile chuma chenye ncha mbili kama uma, akakigonga kikawa kinavuma, akakisimika katikati ya paji la uso, unasikia wapi? Nikasema kushoto, kwenye hilo bovu. Nikajua nimejibu vibaya. Kumbe ndo jibu alilotaka, kama sikio la ndani kabisa ndo limeumia sauti ingekimbilia upande mzima. Akasema una bahati, kuna wanaopuliza kwa nguvu kama wewe wakapasua kule ndani kwenyewe, hao wanapata kizunguzungu cha kuanguka, mlio, na usikivu wengine haurudi wote. Ukiwa na hizo dalili baada ya kutoka majini usisubiri wiki, nenda hospitali siku hiyohiyo. Mimi nikaambiwa nisipulize, nisizamie, nisipande ndege, nirudi baada ya wiki 2. Likajifungua lenyewe siku moja natembea sokoni, tik, tik, halafu kelele zote za Mbuyuni zikaingia kwa mkupuo.

Miezi 4 baadaye nikarudi Nungwi, duka la pili. Bei yake imezidi ile ya kwanza karibu robo, nawaambia mapema.

Tofauti ilianzia kwenye simu. Nimepiga kuulizia bei, huyo anayejibu anauliza afya kwanza, umewahi kuumwa masikio, sinasi, pumu? Nikamsimulia. Akanitumia ile fomu ya maswali ya afya nijaze nikiwa nyumbani, na kwa sababu kwenye masikio niliweka ndiyo akasema hapa bila saini ya daktari hatukushushi. Pale duka la kwanza fomu hiyohiyo tulijazishwa kaunta foleni nyuma, mtu anatuelekeza wekeni hapana kote twende. Nikarudi kwa daktari akanipima, akasaini.

Mwalimu wenyewe ni mzee wa makamo, mtoto wa Nungwi kabisa, alinipokea kwa salamu ndefu ya Kiunguja halafu akaniita Mlima, na jina likabaki hilo mpaka naondoka. Tulikuwa wanafunzi 3 tu, naye ana msaidizi mmoja. Asubuhi ya kwanza hatukugusa maji. Tulikaa kwenye kivuli cha ngalawa iliyopandishwa, akaanza na babu yake, alikuwa akizamia majongoo bahari kwa pumzi tu na miwani ya kuchonga, ile inafunika macho pua iko nje. Sikio moja la babu halikusikia mpaka anazikwa. Ndo akatuonyesha maski ya daivingi kwa nini lazima ifunike na pua, moja upate kutoa hewa kidogo puani ili maski isikufyonze uso, pili mfuko wa pua uwe laini uweze kuubana kwa nje. Ile damu yangu akasema inaweza kuwa imetoka kwenye mifupa ya uso yenye hewa au ni mishipa ya pua kwa kule kupuliza, na kwamba kidogo kidogo inatokea kwa wengi, lakini mtu akitoka na damu unamuuliza, humpi kidonge.

Halafu akaniuliza Mlima, kilele chenu mita ngapi? 5,895. Na hewa kule juu? Nikasema kama nusu ya huku chini, hilo nalijua nawaambia wageni kila siku. Akachora mchangani. Hapa ufukweni presha moja. Kileleni nusu. Baharini kila mita 10 inaongezeka moja nzima. Kwahiyo mlima wako wote, kutoka kileleni mpaka huku ufukweni, ni sawa na mita ngapi za maji?

Nikakaa kimya, wale wenzangu wawili wakanitazama. Mita 5. Mlima mzima. Ule ambao mi nauchukua siku 6 kuupanda na siku moja na nusu kushuka nikimeza mate, kwenye maji ni mita 5, na mi nilizipita kwa nusu dakika na mkanda wa risasi kiunoni. Ile Kitonga niliyokuwa naringia nayo ni kama mita moja tu. Aisee nilichoka.

Na kitu kingine ambacho mlimani nimekiona miaka yote sikuwahi kujiuliza, kupanda hakuzibi masikio, kushuka ndo kunaziba. Ni kwa sababu hewa ikiwa inatanuka ndani inajitokea yenyewe kwenye kale kabomba, ila kuingia mpaka uifungulie. Na ukichelewa, tofauti ikifika mita moja na kitu, presha inakabana kabomba kakajifunga kabisa, hapo hata upulize mpaka uzimie hakafunguki, dawa ni moja tu kupanda juu kidogo. Ndo maana mita 10 za kwanza ndo za shida, pale hewa inakuwa nusu ya ujazo wake, huko chini zaidi mabadiliko yanakuwa madogo unashuka hata kwa raha.

Baada ya hapo ndo likaja somo ambalo kwangu lilikuwa lote ndo kozi. Ile ya kubana pua na kupuliza ina jina, ni ya Valsalva, daktari wa Italia, aliiandika 1704 na hakuwa na habari na bahari, alikuwa anataka usaha utoke sikioni. Inatumia kifua na tumbo, nguvu nyingi, ndo inayoumiza watu. Kuna nyingine ya Frenzel, daktari wa Kijerumani aliyewafundisha marubani wa vita vya pili vya dunia, hiyo inatumia ulimi tu. Mwalimu akasema bana pua, funga koo kama unajitayarisha kunyanyua kitu kizito, halafu sema K bila sauti kutoka, sukuma na shina la ulimi kwenda juu nyuma. Mkono mwingine weka tumboni, tumbo likicheza umekosea. Toa simu, washa kamera ya mbele, angalia tundu za pua, zikivimba kidogo kwa kila K umepata. Tulikaa watu wazima 3 chini ya ngalawa tumebana pua tunajitazama kwenye simu kama vichaa, watoto wa pale wakatuzunguka wakawa wanatuiga, na wao wakaipata kabla yetu bana. Mimi ilinichukua kama dakika 40, kushoto ndo kulikuwa kugumu, halafu ghafla tiki, kadogo, bila nguvu yoyote. Nikarudia tiki. Akanipa kazi ya nyumbani, niifanye mara 100 kabla ya kulala.

Siku iliyofuata nikaamka na mafua. Mepesi tu, AC ya gesti ile. Nikampigia kumwambia tuchelewe kidogo, nimesema Mwalimu shikamoo tu, akasema leo hushuki, nakusikia puani. Nikamwambia nimeze kidonge kile cha kukausha. Akasema yakhe, kidonge kinakufungulia kushuka, kikiisha nguvu ukiwa chini, hewa inakwama ndani huku unapanda, na kupanda hakuna kusubiri mtungi hauna hewa ya maisha. Kaa, kunywa chai, njoo kesho kutwa. Nikajiandaa kusikia kuhusu hela. Hakuna. Siku zilisogezwa bila shilingi kuongezeka, wenzangu wakaenda na msaidizi kwa ratiba yao. Mi gesti nilijilipia siku 2 zaidi, hiyo ni juu yangu.

Kesho kutwa ndo kamba. Wao wanatupa boya lenye kamba na uzito chini, kamba ina mafundo kila baada ya kama mita moja. Kabla hata ya kuzama, kichwa kiko juu ya maji, K ya kwanza, tiki. Miguu ndo inatangulia, kichwa juu, mkono mmoja kamba, mmoja puani muda wote. Sheria yake hushuki fundo linalofuata kama masikio yote mawili hayajajibu. Fundo la 1 sawa. La 2 sawa. La 3 kulia tiki, kushoto kimya. Nikamwonyesha. Hakunionyesha nibane wala nishuke. Alishika jaketi langu akanipandisha nusu fundo, akanigeuza kichwa taratibu kwa viganja viwili kama kinyozi, sikio la kushoto likaangalia juu, shingo imenyooka upande huo, akanionyesha mdomo wake ukisema K. Tiki.

Tukarudi la 3. La 4. Kwenye la 5 likagoma tena tukapanda tena. Yule mzee alikuwa uso kwa uso na mimi muda wote, macho yake yametulia kama mtu aliyekaa barazani, na kila nikitaka kuharakisha ananionyesha kiganja kilicholala, tulia. Baadaye kompyuta yake ya kuzamia, ile ya kuvaa mkononi kama saa, ilionyesha tumetumia dakika 11 kufika mita 6. Dakika 11! Mwenzangu mmoja alikuwa ameshamaliza mazoezi na msaidizi wanaangalia pweza. Nilipogusa mchanga nikasubiri ile sindano. Hamna kitu. Nikasikia mapovu yangu mwenyewe na masikio yote mawili, kushoto na kulia, mlio unazunguka kichwa, na kule mbali kitu kama mtu anakanyaga majani makavu, akaniambia baadaye ni viumbe wadogo na samaki wa kwenye miamba.

Daivu ya nne tulienda kisiwa cha Mnemba, tukashuka mita 14, hapo nilitumia kama dakika 3 kushuka. Sitawachosha na samaki, mtawaona wenyewe.

Haya, mabaya ya duka la pili, maana yapo. Wetsuti (ile nguo ya mpira ya kuzamia) niliyopewa imechanika goti na inanuka, nilivumilia kwa sababu maji ya kule ni ya vuguvugu ila bei wanayochukua wanaweza kununua mpya. Boti ya mbao, ngazi ya kupandia inacheza, ukiwa na mtungi mgongoni unaona kifo. Mwendo wa Mnemba ni kama saa nzima na kusi ikivuma mtatapika, na ada ya hifadhi haimo kwenye bei waliyonitajia simuni, nilipoambiwa nitoe pembeni sikufurahi. Sehemu ya akina mama kubadili nguo ni kanga imetundikwa. Na chapati zile za kwenye boti, basi tu.

Vitu nilivyonunua kwa hofu kabla ya kurudi, nivitaje msipoteze hela. Vizibo vya masikio vya kuogelea, hapana, hivyo majini ni hatari maana vinafungia hewa kati ya kizibo na ngoma, Mwalimu alivichukua akavitia mfukoni hakunirudishia. Matone ya masikio ya duka la dawa, hayasaidii kuziba kwa kushuka, ni upande wa nje kule tuliposema mafuta ya shangazi. Kinachosaidia nje ni kusuuza na maji safi yasiyo ya chumvi ukitoka, maana sikio la nje likikaa na unyevu linaota ule ugonjwa wa kuwasha na kuuma ukivuta ndewe, hiyo ni habari nyingine kabisa na watu wengi wanachanganya. Pamba za vijiti achaneni nazo. Maski ndo nilinunua yangu na sijutii, nilichagua ambayo pua yake naibana hata na glavu, ile ya duka la kwanza mfuko wa pua ulikuwa mgumu kama kandambili.

Na kuna watu ambao hata wafundishwe na nani halifunguki. Kwenye kozi yetu mmoja wetu, mdada wa Dar, alifanya kila kitu sawa tundu za pua zinavimba lakini kulia hakuna tiki, siku 2. Mwalimu akamwambia akamwone daktari wa masikio pua na koo kabla hajaendelea, inawezekana pua imepinda ndani au ana mzio. Alimrudishia hela ya daivu ambazo hakufanya. Niliziona kwa macho yangu zikihesabiwa mezani, ndo maana naandika.

Kwa waongozaji wenzangu, kitu cha kuwaambia wageni: mlima kwanza bahari baadaye. Ukishazamia siku kadhaa mfululizo unasubiri angalau masaa 18 kabla ya ndege, kwahiyo anayezamia asubuhi akapanda ndege ya jioni kuja uwanja wa KIA aanze mlima kwa njia ya Machame kesho yake, huyo mkatalie. Mi nilirudi kwa boti mpaka Dar, nikalala, kisha basi.

Duka la kwanza nyota 1, hiyo 1 ni ya wale wapishi wao. Duka la pili nyota 4, wakinunua wetsuti naongeza. Ukienda kuulizia kwenye duka lolote pale ufukweni waulize kwanza kama wanashuka kwa kamba na wewe ukichelewa nani anabaki na wale wengine, halafu mwangalie usoni anavyojibu. Na nenda na fulana ya mikono mirefu, kurudi kutoka Mnemba jioni upepo ni mkali na taulo zao haziwatoshi watu wote.